Konokono Mkubwa wa Pwani Yetu: Umbo Lake, Desturi Zake, na Hasara ya Kumhamisha

Hakuna mtu wa pwani asiyepata kumwona konokono, lakini wamjuao ni wachache. Masika yakinyesha siku mbili tatu, hutokea kila mahali: chini ya migomba, juu ya mipapai, kandokando ya makaro, na kutani mwa nyumba. Mwenye bustani ya mchicha huko Wazo, au Tegeta, au Boko, aendapo asubuhi kutazama matuta yake, huona miche imekatwa, na njia ya ute ing'aayo imepita juu ya majani yaliyobaki. Hapo hukasirika. Huenda akachota chumvi akammwagia, au akamwokota akamrusha ng'ambo ya ua kwa jirani yake. Wengine humwogopa, wakisema kwamba mnyama apandaye ukuta wa nyumba usiku hakosi kuwa ametumwa. Na wengine huwakataza watoto wao wasimguse, na katazo hilo ni jema, ila wakiulizwa sababu yake hawaijui.

Katika somo hili nataka kueleza mambo matatu. Kwanza, umbo la mnyama huyu na jinsi anavyoishi. Pili, mambo yamzuiayo asizidi katika nchi yake. Tatu, yaliyotokea watu walipomchukua wakampeleka nchi nyingine. Hilo la tatu ndilo kubwa, kwa kuwa konokono huyu ni wa kwetu, na hasara aliyoifanya duniani ilianza katika mikono ya wanadamu, wala si katika mguu wake.

JINA LAKE NA JAMAA ZAKE

Konokono nimsemaye ni yule mkubwa, mwenye nyumba iliyochongoka mfano wa pia, rangi yake kahawia yenye michirizi. Mara nyingi urefu wa nyumba yake ni kama kidole cha mkono au zaidi kidogo, lakini wamepatikana waliotimia sentimita 20. Watu wengine humwita koa, na wengine huliweka jina hilo kwa yule asiye na nyumba. Wataalamu humwita Lissachatina fulica. Katika vitabu vya zamani aliitwa Achatina fulica. Asili yake ni pwani hii ya Afrika ya Mashariki. Anao ndugu zake pia, na mmoja wao, aitwaye Lissachatina reticulata, asili yake ni Zanzibar.

Wengi humhesabu konokono kuwa mdudu. Sivyo. Mdudu ana miguu sita, na mwili wake umegawanyika vipande vitatu. Konokono hana mguu ila mmoja, nao ni tumbo lake la chini lote. Jamaa zake wa kweli ni chaza, kome, ngisi na pweza. Mvuvi wa Kunduchi amjuaye pweza, mwenye mwili mlaini usio na mfupa, akimtazama konokono vizuri atauona udugu wao.

UMBO LAKE

Kichwani ana pembe nne laini. Mbili ndefu ziko juu, na katika ncha ya kila moja kuna jicho. Macho hayo hutambua mwanga na giza, lakini hayaoni sura ya kitu vema. Pembe mbili fupi ziko chini, nazo ni za kupapasia na kunusia. Ukigusa pembe yoyote huirudisha ndani kama kidole cha soksi kigeuzwavyo, kisha huitoa tena polepole. Masikio hana. Njia yake ya kupata habari za dunia ni harufu na kugusa, kwa hiyo aweza kulifuata papai lililoiva gizani asikosee.

Kinywani ana ulimi wa ajabu. Umejaa vijino vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, vimepangwa safu safu kama meno ya tupa. Hali kwa kutafuna kama sisi, hukwangua. Vijino vya mbele vikiisha makali, vipya hutoka nyuma vikachukua mahali pake, muda wote wa maisha yake.

Anavuta pumzi kwa pafu. Tazama upande wake wa kuume, karibu na mdomo wa nyumba yake, utaona tundu linalofunguka na kufumba. Hapo ndipo hewa huingia. Damu yake si nyekundu kama yetu. Ina rangi ya samawati kidogo, kwa sababu ndani yake mna shaba mahali pa chuma kilichomo katika damu ya mwanadamu.

Hutembea kwa mawimbi. Mguu wake hukunjamana kidogo kidogo, wimbi baada ya wimbi, kutoka nyuma kwenda mbele, na ute alioutandaza chini humlinda na humsaidia kushika. Ndiyo sababu aweza kupanda ukuta uliosimama wima asianguke, na kupita juu ya ukingo mkali asikatike.

NYUMBA YAKE NA CHOKAA

Konokono hazaliwi bila nyumba akaitafuta baadaye, kama wengine wasemavyo. Hutoka katika yai akiwa na nyumba ndogo sana, na kadiri akuavyo huongeza mdomoni pake. Ile ncha nyembamba ya juu ndiyo aliyozaliwa nayo. Mdomo mpana wa chini ndio wa juzi. Kazi ya kujenga hufanywa na ngozi nyororo iliyo ndani, ambayo hutoa chokaa kidogo kidogo, ikakauka ikawa ngumu. Nyumba ikivunjika kidogo aweza kuitengeneza, lakini ikisagika sana hufa, maana matumbo yake yote yamo ndani.

Basi ni lazima ale chokaa. Hapa watu wa Wazo wana somo karibu nao kuliko watu wengine. Kilima cha Wazo ni mawe ya chokaa, yaliyofanyika baharini katika zama za kale sana, na kwa sababu ya mawe hayo kiwanda cha saruji kilijengwa pale, kikaanza kutoa saruji mwaka wa 1966. Chokaa ile ile apelekewayo mjenzi wa nyumba mjini, ndiyo akwanguayo konokono usiku ajenge yake. Mahali penye chokaa nyingi katika udongo, konokono huwa na nyumba nene na yenye nguvu. Mahali pasipo chokaa, nyumba zao huwa nyembamba, na wenyewe huwa wachache.

Sasa mwaona kwa nini hupanda kuta. Ukuta uliopakwa chokaa, au uliopigwa lipu, kwake ni jiwe la kulamba, kama ng'ombe alambavyo chumvi. Tena mvua kubwa ikinyesha, chini hujaa maji, naye hukwea asizame. Hapana aliyemtuma. Njaa na maji ndivyo vilivyomtuma.

KUZALIANA KWAKE

Jambo hili lastahili kukumbukwa kuliko mengine, kwa kuwa ndilo lililowashinda watu wa nchi za mbali. Katika konokono hawa hakuna dume wala jike peke yake. Kila mmoja ni huntha, yaani ni mume na mke pamoja. Wawili wakikutana, wote wawili huweza kutaga. Tena konokono akisha kukutana na mwenzake huweza kuiweka mbegu mwilini miezi mingi, akataga mara kadha wa kadha bila kukutana na mwingine. Kwa hiyo mtu akichukua konokono mmoja tu, asidhani kwamba amechukua mmoja. Huenda amechukua mamia.

Hutaga mayai udongoni, katika tundu alilolichimba mwenyewe, au chini ya majani yaliyooza. Mayai ni ya mviringo, rangi yake nyeupe yenye manjano kidogo, na ukubwa wake ni milimita 5 hivi. Kwa mara moja aweza kutaga mayai 100, na akiwa mkubwa aweza kutaga hata 400. Baada ya siku chache, au majuma mawili matatu kwa kadiri ya joto na unyevu, watoto hutoka. Kwanza hula ganda la yai walilotokea, wapate chokaa, kisha hukaa chini ya udongo siku kadhaa kabla ya kutoka nje. Baada ya miezi sita hivi huanza kuzaa wao. Maisha yao ni miaka mitano au sita, na wengine huzidi.

AMBAYO HUMZUIA KATIKA NCHI YAKE

Msomaji atauliza, Ikiwa huzaa namna hii, mbona hajaijaza pwani yote? Jibu ni kwamba anao wazuiaji, na mkubwa wao ni kiangazi. Mwili wa konokono ni maji matupu, na jua humkausha upesi. Kwa hiyo mchana hujificha, na usiku hutembea. Mvua zikikatika, hujiingiza ndani ya nyumba yake, akaufunga mlango kwa ute ambao hukauka ukawa kama karatasi ngumu. Hapo hulala miezi mingi, hali wala hanywi, moyo wake ukipiga polepole sana. Mvua ya kwanza ya vuli au masika humwamsha, akavunja mlango wake akatoka. Lakini si wote waamkao. Wengi hukauka wakafa, hasa walio wadogo.

Mzuiaji wa pili ni adui zake. Kenge humla, nguchiro humla, na siafu humshambulia wakamwingia ndani ya nyumba. Kimulimuli, yule tumwonaye akiwaka usiku, angali mchanga kabla hajaota mabawa, ni mwindaji wa konokono. Tena wako konokono wengine wadogo wasiokula majani kamwe, chakula chao ni konokono wenzao na mayai yao. Hata akiisha kufa, kitu chake hakipotei. Karibu na ufuko wako kaa wasio na gamba la nyuma, ambao huitwaa nyumba tupu ya konokono wakaivaa wakaenda nayo.

Ndivyo ilivyo tangu kale. Mnyama, na kiangazi chake, na adui zake, wote wamekaa pamoja muda mrefu sana, na kila mmoja amepimwa na mwenzake. Tena kazi yake ya asili si mbaya: hula majani makavu, matunda yaliyoanguka, ukoga, na vitu vilivyooza, akavirudisha udongoni. Shida huanza kipimo hicho kinapovunjwa.

ALIVYOSAFIRISHWA

Katika karne ya 19 konokono huyu alikwisha kufika Bukini, yaani Madagaska, na kisiwa cha Mauritius. Mwaka wa 1847 Mwingereza mmoja, Bwana Benson, mtu aliyependa kukusanya makombe, aliwachukua konokono wazima kutoka Mauritius, akaenda nao Calcutta katika India, nao wakaachiwa katika bustani. Hakukusudia ubaya wowote. Lakini walizaa. Hata kufika mwaka wa 1900 walikuwa wamekwisha kuingia kisiwa cha Sri Lanka, ambacho wakati huo kiliitwa Ceylon. Kutoka huko walienea Malaya na Singapore na visiwa vingi vya mashariki. Wajapani waliwachukua kwa kuwala, wakawapeleka Taiwani na visiwa vya Pasifiki, na vita vya mwaka wa 1939 hadi 1945 vilipokwisha, walikutwa wamejaa katika visiwa kama Saipan na Guam. Mwaka wa 1936 walifikishwa Hawaii.

Huko hawakukuta adui wao wote wa kwao pamoja. Na mahali pengi hawakukuta kiangazi kirefu. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alipokuja, mwenyeji hakupona. Aliingia katika mashamba ya mboga, na mipapai, na miche ya kakao na mpira, akala. Leo wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea azilazo, naye ametiwa katika orodha ya viumbe 100 waliofanya hasara kubwa kabisa duniani kwa kuhamishwa kutoka kwao.

Kisa kimoja chatosha kuwa mfano. Mwaka wa 1966 mtoto mmoja alirudi Miami, katika jimbo la Florida, Marekani, akitoka Hawaii, na mfukoni alikuwa na konokono watatu. Alitaka kuwachezea tu. Bibi yake akawatupa bustanini. Baada ya miaka saba konokono zaidi ya 18,000 waliokotwa katika mitaa ile, pamoja na mayai kwa maelfu. Kazi ya kuwamaliza ilichukua muda wa miaka karibu 10, na gharama yake ilikuwa kama dola milioni moja. Watatu tu! Tena haikuwa mwisho. Mwaka wa 2011 walionekana tena Miami. Serikali iliwafunza mbwa kuwanusa, watu wakapekua bustani moja moja, na zaidi ya konokono 168,000 wakaokotwa, hata mwaka wa 2021 ikatangazwa kwamba wamekwisha. Mwaka uliofuata wakaonekana mahali pengine katika jimbo lile lile.

DAWA ILIYOZIDI UGONJWA

Watu wa visiwa vya Pasifiki walipoona hasara, walifikiri kwamba dawa ya moto ni moto: walitafuta konokono alaye konokono. Hapo ndipo nchi zetu zilipoingia tena katika habari hii. Baada ya vita wataalamu walikuja Afrika ya Mashariki kuwatafuta adui wa konokono huyu katika kwao, nao waliwapata wale wadogo walao wenzao. Mmoja wao jina lake la kitaalamu limetoka Kibwezi, katika Kenya: Gonaxis kibweziensis. Mwaka wa 1950 alipelekwa kisiwa cha Agiguan katika Pasifiki, na baadaye kwingineko. Alikula, lakini hakummaliza mkubwa.

Kisha wakamchukua mwingine, mkali zaidi, ambaye kwao ni Marekani. Jina lake Euglandina rosea. Mwaka wa 1955 alipelekwa Hawaii, na mwaka wa 1977 kisiwa cha Moorea, karibu na Tahiti, nchi iliyo chini ya Ufaransa. Huyu hakujishughulisha sana na yule aliyeitiwa. Aligeukia konokono wadogo wa nchi ile, waliokaa juu ya miti tangu kale bila kumdhuru mtu, na ambao nyumba zao wanawake wa kisiwa walikuwa wakizitunga kuwa mikufu. Haikupita miaka 15 katika Moorea, karibu wote wakatoweka mwituni. Wachache waliokolewa kwa kuwa wataalamu waliwahi kuwachukua na kuwatunza katika mabustani ya wanyama, kama lile la London, na tangu mwaka wa 2015 uzao wao umeanza kurudishwa katika visiwa vile. Na yule konokono wetu mkubwa bado yupo.

Basi mwaona kosa lilikuwa moja, lilifanywa mara mbili. Mara ya kwanza watu walimhamisha kiumbe wasiyemjua. Mara ya pili walitaka kulirekebisha kosa hilo kwa kumhamisha mwingine wasiyemjua vema. Haraka haraka haina baraka.

AFYA YA NYUMBA

Sasa nieleze kwa nini watoto wakatazwe kumshika. Uko mnyoo mwembamba ukaao katika mapafu ya panya. Watoto wake hutoka katika mavi ya panya, na konokono akila mavi hayo humwingia. Mtu akimla konokono mbichi au asiyeiva vizuri, au akila mboga mbichi yenye konokono wadogo ambao hakuwaona, minyoo hiyo michanga huweza kumwingia ikapanda hata ubongoni. Hupatwa na maumivu makali ya kichwa, shingo ikakaza, na wengine hufa. Mnyoo huu ulielezwa mara ya kwanza na wataalamu mwaka wa 1935, katika panya wa Canton, China. Ugonjwa wake umejulikana zaidi katika Asia ya kusini-mashariki na visiwa vya Pasifiki, na katika bahari yetu ya Hindi umeonekana Réunion na Mayotte.

Hapana haja ya hofu, ila yapasa kuangalia. Mtoto akimshika konokono, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kutia kidole kinywani. Mboga ya kuliwa mbichi ioshwe jani moja moja kwa maji mengi safi. Iliyopikwa haina neno. Wako watu, hasa Afrika ya Magharibi, walao konokono wakubwa, nao huwapika sana. Huku kwetu watu wengi hawamli. Lakini atakaye, asile asiyeiva.

Wala tusichanganye mambo. Ugonjwa wa kichocho hauletwi na konokono huyu wa nchi kavu. Huo huletwa na konokono wengine, wadogo, wakaao katika maji ya madimbwi, mito na mashamba ya mpunga. Mtu aweza kuwaua konokono wote wa bustani yake na bado akapata kichocho akioga dimbwini.

AFANYEJE MWENYE BUSTANI

Kwanza ajue kwamba yeye mwenyewe huenda ndiye amfugaye. Nimesema kiangazi ndicho mzuiaji mkubwa. Sasa mkulima amwagiaye matuta maji kila jioni, mwezi wa Agosti, amekiondoa kiangazi. Amemfanyia konokono masika mengine. Naye akirundika magogo ya migomba na matakataka kando ya tuta, amemjengea pa kulala mchana. Basi afanye haya:

1. Amwagilie maji asubuhi, si jioni, ili udongo wa juu uwe umekauka usiku konokono atembeapo.

2. Aondoe marundo ya mawe, magogo na majani yaliyooza yaliyo karibu na matuta. Mbolea ya takataka iwe mbali.

3. Atege kwa gunia kuukuu lililoloweshwa, au ubao, au maganda ya papai, ayaweke chini jioni. Asubuhi mapema afunue, atawakuta wamekusanyika.

4. Awaokote kwa glavu, au kwa jani la mgomba, asiwashike kwa mkono mtupu. Awatie katika ndoo ya maji ya chumvi nyingi au maji yanayochemka, kisha awafukie. Asiimwage chumvi juu ya tuta: konokono atakufa, lakini na udongo utaharibika, na mchicha hautaota.

5. Azunguke miche michanga kwa majivu makavu. Hayo humzuia, ila yakinyeshewa hayana kazi tena, sharti yawekwe mengine.

6. Alimapo, atazame mayai udongoni, ayaponde. Mayai 200 yaliyopondwa leo ni kazi ya mwaka mzima iliyookolewa.

7. Asiwarushe kwa jirani. Konokono aweza kurudi alikotoka. Na asiporudi, atazaa kwa jirani, na watoto wake watarudi.

Chambo chenye sumu huuzwa, lakini kuku, mbwa, na hata mtoto aweza kukila, na sumu yaweza kuwaua wanyama wamlao konokono pia. Avumiliaye kuokota kwa mkono majuma matatu mfululizo, mwanzo wa mvua, ataona faida.

KWA WALIMU

Somo hili ni rahisi kufundisha, na halina gharama. Mwalimu amtie konokono juu ya kipande cha kioo, watoto watazame kwa chini: wataona mawimbi ya mguu yakipita. Kisha apake kioo uji mwembamba wa unga, aache ukauke kidogo. Konokono akipita atakwangua, na alama za ulimi wake zitaonekana. Mwingine awekwe katika sanduku kavu siku kadhaa, watoto wamwone amefunga mlango. Kisha anyunyiziwe maji, wamwone akiamka. Kazi ikiisha, kila mtoto anawe mikono kwa sabuni, na konokono arudishwe pale pale alipookotwa.

Watoto waulizwe haya: Kwa nini konokono hupanda ukuta uliopakwa chokaa? Kwa nini mmoja atosha kuanzisha kizazi kipya? Ni nini kimzuiacho Wazo, na ambacho hakikuwako Miami? Mtoto awezaye kulijibu swali la tatu amelielewa somo lote.

MWISHO

Siku hizi watu husafiri sana, na mizigo huenda mbali kwa siku moja. Mche wenye udongo, kontena lililokaa karibu na majani, mfuko wa mtoto, vyote vyaweza kuchukua mayai ya konokono. Nchi kama Marekani humkataza kwa sheria mtu kuingiza konokono huyu mzima bila ruhusa. Msafiri aambiwe, na aletaye mmea au mnyama wa kigeni huku kwetu aulizwe pia, maana lililowapata wenzetu kwa mnyama wetu laweza kutupata sisi kwa mnyama wao.

Na wewe mwenye bustani, asubuhi umkutapo juu ya mchicha wako, mwondoe, ni haki yako. Lakini kabla hujamlaani, tazama kwanza nani aliyemwaga maji jana jioni.